Kwa nini picha za mdiria zinatoka butu kwenye tripodi kuliko nikishika kamera mkononi?

#1 Ukingoni
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, jambo hili linaninyima usingizi wiki ya tatu sasa.

Kuna mdiria mmoja, yule mdogo wa bluu mwenye kifua cha rangi ya machungwa, ana kijiti chake juu ya maji. Nakaa mita 8 kutoka kwake, nimejificha nyuma ya matete. Kamera yangu ni DSLR (ile yenye kioo ndani) ya sensa ndogo, ile ya kuzidisha urefu wa lenzi mara 1.5. Lenzi ni zumu ya milimita 150-600. Naitumia kwenye 600, tundu f/6.3, kasi ya shata 1/500 ya sekunde, ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) 800.

Jumamosi niliweka tripodi, nikakaza kila kitu, nikapiga fremu 212. Zilizokata jichoni, yaani jicho limetoka kali, ni 14. Jumapili niliiacha tripodi, nikashika kamera mkononi. Mipangilio ileile, saa ileile, kijiti kilekile. Fremu 180, kali ni 41.

Mkono umeishinda tripodi. Inawezekanaje?

#2 Mtoto_wa_Korongo
Nakaa hapa nijifunze, hata mimi yamenikuta.

#3 MiguuMitatu
Kabla hatujaanza kukisia, mtoa mada jibu maswali matatu. Kitulizaji cha lenzi kilikuwa kimewashwa? Kichwa cha tripodi ni cha aina gani? Na ile nguzo ya katikati uliipandisha?

#4 Ukingoni
Kitulizaji kimewashwa, hali ya 1. Kichwa ni cha gololi. Nguzo niliipandisha karibu yote, bila hivyo sivuki matete.

#5 MiguuMitatu
Basi tumeshampata mwizi, tena ni watatu.

Kitulizaji kina vihisi vinavyopima mwendo wa lenzi, kisha kinasogeza kioo cha ndani kinyume chake. Lenzi nyingi, hasa za zamani, zikiwekwa juu ya kitu kilichotulia kabisa hukosa cha kupima. Zinaanza kufuata kelele za vihisi vyenyewe, na kioo kinahama polepole bila sababu. Ukitazama ndani ya kitazamio utaona picha inaelea kama mtumbwi uliofungwa kamba ndefu.

Nguzo ya katikati ukishaipandisha yote, unachotumia si tripodi tena. Ni fimbo moja iliyosimikwa juu ya miguu mitatu. Kilo mbili na zaidi za lenzi juu yake, upepo kidogo tu wa ziwani, imekwisha.

Na gololi si kichwa cha lenzi ya 600. Ukikaza, ukiachia mkono, pua ya lenzi inashuka kidogo. Ukiiacha huru inaanguka yote upande mmoja, na vidole vyako vikiwa hapo utaumia. Tafuta gimbali, kichwa kinachobeba lenzi nzito kwa mizani hata kikiwa huru.

#6 Shata_Moja
Mzee MiguuMitatu nakuheshimu, ila hapo kwenye kitulizaji sikubaliani nawe moja kwa moja. Lenzi nyingi za miaka ya karibuni hugundua zenyewe kwamba zipo juu ya tripodi, zikajizima au zikabadili tabia. Halafu nani anapiga ndege akiwa amekaza kichwa? Mimi gimbali yangu iko huru muda wote na mkono upo juu ya lenzi, kwa hiyo mtikisiko upo na kitulizaji kina kazi ya kufanya. Sijawahi kuzima, na picha zangu zinakata.

#7 MiguuMitatu
Kichwa kikiwa huru na mkono ukiwa juu, sawa. Mtoa mada amesema "nikakaza kila kitu". Rudi usome #1.

#8 Shata_Moja
Hapo umenipata. Lakini hata hivyo lenzi yake hatuijui ni ya mwaka gani.

#9 Bi_Matete
Ndugu zangu, mnakimbilia mtikisiko na hakuna aliyeuliza picha ni butu KIVIPI. Ubutu una aina zake, na kila aina inaacha alama yake.

Ukingoni, fungua fremu moja kwa asilimia 100 na utazame ule mng'ao mweupe ndani ya jicho la ndege. Kamera ikitikisika, mng'ao unavutwa kuwa kistari, na kila kitu kwenye fremu kinavutwa upande uleule. Fokasi ikikosea, mng'ao unavimba kuwa duara laini, na lazima kuna kitu kingine, mbele au nyuma ya jicho, ambacho kimekata vizuri. Ndege mwenyewe akigeuza kichwa, kichwa peke yake ndicho kinachovutwa, kucha na kijiti vinabaki vikali.

Hesabu fremu 20, urudi na majibu.

#10 Ukingoni
Asante dada, sikuwahi kutazama hivyo. Nimechukua fremu 20 za tripodi bila kuchagua. 12 mng'ao umevimba duara. 5 ni kistari, na vyote vimelala kutoka juu kwenda chini. 3 siwezi kusema.

Na katika zile 12 kuna jambo nililokuwa nalipita tu. Kijiti nyuma ya mkia kimekata! Naona nyufa za gome, naona hata uzi wa buibui umeshika tone la maji. Jicho ni laini, uzi wa buibui ni mkali.

#11 Bi_Matete
Basi sehemu kubwa ya tatizo lako ni fokasi kuangukia nyuma.

Watu hatuamini kina cha ukali kilivyo chembamba kwenye lenzi ndefu. Kwa 600, f/6.3, mita 8, sensa yako ndogo, eneo lote linaloonekana kali ni kama sentimita 4 na nusu hivi, mbele na nyuma ukijumlisha. Mdiria akikutazama uso kwa uso, kutoka ncha ya mdomo hadi kisogo tayari umepita hapo. Kwa hiyo fokasi ikishika bega badala ya jicho, jicho limeshapotea. Ikishika kijiti, ndege mzima kapotea.

#12 Fundi_Vioo
Uzi umenivuta, naongezea hapo alipoishia Bi_Matete. Nadhani najua kwa nini mkono ulishinda.

Kwenye DSLR, ukilenga kupitia kitazamio, sensa ya picha haihusiki na fokasi. Mwanga unapita kwenye kioo kikuu, unapigwa na kioo kidogo cha pili kwenda chini, na huko kuna kipimo maalumu cha fokasi. Njia ya mwanga kwenda kwenye kipimo na njia ya kwenda kwenye sensa zinatakiwa kuwa na urefu sawasawa. Zikitofautiana hata kidogo mno, kamera inaamini kabisa kwamba imeshika jicho, inalia "bip", na picha inakata sentimita tatu nyuma. Ndiyo maana kamera nyingi za kioo zina sehemu ya kurekebisha fokasi kwa kila lenzi.

Sasa fikiria. Kwenye tripodi kila kitu kimetulia, kwa hiyo kosa linajirudia lilelile: nyuma, nyuma, nyuma, fremu 200. Mkononi mwili wako unayumba mbele na nyuma sentimita mbili tatu bila wewe kujua. Fremu nyingine zinaangukia nyuma zaidi, nyingine zinaangukia juu ya jicho hasa. Tripodi haikukuharibia. Imekuonyesha kosa ambalo mkono ulikuwa unalificha.

#13 Mtoto_wa_Korongo
Hii #12 nimeisoma mara tatu. Nimenyoosha mikono.

#14 MiguuMitatu
Ni hoja nzuri na sitaikataa. Lakini vile vistari vitano vya kutoka juu kwenda chini Fundi ameviruka. Fokasi haichori kistari. Kile ni kioo cha kamera kikiruka na nguzo iliyopandishwa ikiitikia. Mtoa mada ana magonjwa mawili, asipewe dawa moja.

#15 Kasi_Tu
Jamani mnazunguka sana. Aweke 1/4000, apandishe ISO, aende zake. Kasi inatibu kila kitu.

#16 Bi_Matete
Haitibu fokasi, ndugu Kasi_Tu. Fremu iliyokosa jicho kwa sentimita tatu utaikosa kwa 1/500 na utaikosa kwa 1/4000, tofauti ni kwamba ya pili ina chengachenga za ISO juu yake.

Ila una nusu ya haki. Kanuni ya zamani inasema kasi isishuke chini ya moja gawa kwa urefu wa lenzi, na kwa sensa ya mara 1.5 unazidisha: 600 inakuwa 900. Kwa hiyo 1/500 mkononi bila kitulizaji iko chini ya mstari. Ndege aliyetulia 1/1000 inamtosha, akiruka anza 1/2500 hivi. Mdiria akipiga mbizi hata hiyo ni ndogo.

#17 Kasi_Tu
Nimekubali nusu yangu.

#18 JichoLaTai
Mimi nasema ukweli mchungu: DSLR imepitwa. Nenda kwenye kamera isiyo na kioo. Fokasi inapimwa juu ya sensa yenyewe, kwa hiyo hilo kosa la Fundi_Vioo halipo. Inatambua jicho la ndege, inalifuata popote. Toka nihame sijui hata nukta ya fokasi iko wapi. Teknolojia imekwenda mbali tangu Canon waanzishe autofokasi mwaka 1987.

#19 Shata_Moja
Sahihisho dogo kwa JichoLaTai. Mwaka 1987 ni mwaka wa mfumo wa EOS wa Canon. Autofokasi ilikuwepo kabla: Konica C35 AF ilitoka 1977, na Minolta 7000 ya 1985 ndiyo iliyoweka injini ya fokasi ndani ya mwili wa kamera ya SLR (ya kioo) na watu wakaipokea kwa wingi. Ulichochanganya nadhani ni kitulizaji, maana lenzi ya kwanza ya SLR yenye kitulizaji ilikuwa ya Canon kweli, 75-300 ya mwaka 1995.

#20 JichoLaTai
Nimesahihishwa, asante. Hoja ya jicho inabaki palepale.

#21 Nyasi_Ndefu
Hoja ya jicho inabaki mpaka uingie kwenye matete! Nina kamera isiyo na kioo inayotambua ndege, na kwenye anga tupu naipenda mno. Lakini yangeyange akiwa ndani ya majani, kile kiboksi kinaruka kutoka jichoni kwenda kwenye tete la mbele, kinarudi, kinaenda tena. Mara moja kiling'ang'ania ua lenye kidoti cheusi sekunde nne nzima huku yangeyange akimeza chura nyuma yake. Nimemkosa chura mpaka leo.

Sasa nimegawa vitufe viwili. Kimoja kinaita utambuzi wa jicho, kingine kinaita nukta moja ndogo. Anga wazi nabonyeza cha kwanza, majani nabonyeza cha pili. Kidole gumba kinahama chenyewe siku hizi.

Na kitu kingine cha kuangalia kwenye hizo kamera: shata ya kielektroniki. Sensa ikisoma picha polepole kutoka juu kwenda chini, mabawa yanayopiga haraka yanatoka yamepinda kama mpira ulioyeyuka. Kamera za sensa ya kasi kubwa, mfano Sony A9 ya 2017 au Nikon Z9 ya 2021, tatizo hilo limepungua sana. Nyingine bado lipo.

#22 Skrubu
Nami nitoe kisa changu, labda kitasaidia. Nilihangaika msimu mzima na lenzi ya 500. Nilirekebisha fokasi, nikabadilisha kichwa, nikauza tripodi nikanunua ya kaboni. Bado fremu moja kati ya tatu ina kistari.

Siku moja nimekaa nasubiri hondohondo, sina cha kufanya, nikashika ule mguu wa lenzi, ule unaofungwa kwenye tripodi, nikausukuma kwa kidole gumba. Ukacheza. Kidogo sana, kama jino la mtoto linaloanza kung'oka. Skrubu mbili kati ya nne zilikuwa zimelegea. Robo zungusho moja kila skrubu, basi. Msimu mzima.

Mtoa mada, shika kamera mkono mmoja, lenzi mkono wa pili, isukume taratibu kila kiungo: bamba, mguu, kola, gololi, vifungio vya miguu. Kinachocheza mkononi mwako ndicho kinachocheza kwenye picha.

#23 Mvuke
Habari wana uzi. Hakuna aliyetaja hewa? Joto likipanda juu ya maji au ardhi, hewa ya moto na ya baridi zinachanganyika na mwanga unapindapinda ukipita humo. Picha inatoka laini yote, na fokasi yenyewe inachanganyikiwa kwa sababu mistari inayoitafuta inatikisika. Hapo hakuna tripodi wala kamera itakayokuokoa. Unasogea karibu, au unapiga alfajiri.

#24 MiguuMitatu
Mvuke, jamaa yuko mita 8. Hewa ya mita 8 haiwezi kufanya hivyo. Mita 80 ningekuelewa.

#25 Mvuke
Mita 8 za hewa ya nje, kweli ni chache. Lakini kuna hewa inayosahaulika: ile iliyo ndani ya hudi ya lenzi, kile kikingio cha mwanga cha mbele. Lenzi ikitoka ndani ya gari au chumba chenye joto ukaileta kwenye ubaridi wa asubuhi, kioo cha mbele kina joto na hewa inacheza ndani ya hudi palepale puani pa lenzi. Nimeona picha za mita 5 zikiharibika kwa nusu saa ya kwanza halafu zikatengemaa zenyewe bila kugusa kitu. Siku hizi nikifika navua hudi, naiacha lenzi nje nusu saa kabla sijaanza.

Wanaopiga kutoka garini nao wanapata hili: joto la ndani linatokea dirishani hapohapo lenzi ilipochungulia.

#26 Ukingoni
Mvuke umenishtua. Jumamosi lenzi ilitoka moja kwa moja garini nikaanza. Jumapili nilitembea nayo begani muda mrefu kabla ya kufika. Sikuwa nimelifikiria.

#27 Fundi_Vioo
Hewa ikiharibu, inaharibu fremu nzima. Uzi wa buibui usingekata.

#28 Mvuke
Kwenye zile 12 nakubali. Zile 3 alizosema hajui zilivyo, je?

#29 Mfuko_wa_Mchele
Huku kwenye wanyama wakubwa tunaishi dirishani, na tripodi haifungukii ndani ya gari. Silaha yangu ni mfuko wa kitambaa kigumu, nausafirisha mtupu na kuujaza nikifika. Usiujaze ukafura, uache ulegee kiasi kwamba lenzi ikikaa inazama na mfuko unaipandia pande zote mbili. Mchele na maharage vinatulia vizuri kuliko chengachenga za plastiki, ila vikilowa vimekwisha. Plastiki hainywi maji.

Zima injini. Hili sihitaji kueleza. Kinachosahaulika ni watu: mtu wa kiti cha nyuma akijigeuza kufungua begi, gari zima linanesa kwenye springi zake. Sisi tuna neno moja, "tuli!", mmoja akilitamka wote tunaganda. Kwa neno hilo nimempata chui jioni giza likiingia kwa 1/40, urefu 400. Nilipiga mifululizo mifupi ya fremu tano tano, maana ya kwanza ina msukumo wa kidole na za katikati ndizo zinazotulia. Fremu nyingi zilikufa. Tatu zina kila unywele wa shavu.

#30 Mtoto_wa_Korongo
Na ukiwa unatembea kwa miguu, huna gari wala tripodi?

#31 Nyasi_Ndefu
Monopodi, au mwili wako mwenyewe. Kiganja cha kushoto kikae chini ya lenzi, mbele kabisa, si karibu na kamera. Viwiko vibane mbavu. Kitazamio kigusane na nyusi, hapo unapata mguso wa tatu. Kaa chini ukiweza, viwiko viingie upande wa ndani wa magoti. Mfupa juu ya mfupa unateleza, nyama juu ya mfupa inashika. Toa pumzi nusu, kisha kidole kibonyee taratibu, kisichomoke.

Na ukilala kifudifudi kwa ajili ya ndege wa majini, weka kikaango kikuukuu chini ya lenzi na mfuko ndani yake. Kinateleza juu ya tope kama chombo na lenzi haichafuki. Usawa wa jicho la ndege unabadilisha picha kuliko kamera mpya.

#32 Mbayuwayu_Mmoja
Samahani nauteka uzi kidogo. Anayeruka je? Mbayuwayu nikimwinulia lenzi ndani ya kitazamio naona anga tu, yeye hayupo.

#33 Shata_Moja
Makosa mawili ya kawaida. La kwanza, unashusha macho kutafuta kamera. Macho yabaki kwa ndege, kamera ndiyo ije machoni. La pili, fokasi imelala kwenye mita 4 toka picha ya mwisho, kwa hiyo ndege hata akiwa katikati ya fremu anaonekana kama moshi. Lenga kwanza mti au ukingo ulio umbali sawa na anakopita, ndipo umsubiri. Kama lenzi ina swichi ya mipaka ya umbali, zuia ile ya karibu ili isianze kutafuta kutoka mwanzo. Na zumu iko hapo kwa kazi hiyo: mtafute kwenye 200, umfikie kwenye 600.

Mbayuwayu lakini ni mtihani wa mwisho. Anza na korongo, au membe wanaopita njia moja wakirudi.

#34 JichoLaTai
Kwa ndege aliyekaa kijitini usihangaike kukisia ataruka lini. Ndege wengi huruka wakikabili upepo, kwa hiyo kaa upepo ukikupiga mgongoni, atakujia uso kwa uso. Na tai au mwewe akiinua mkia akanya, kidole kiwe tayari. Mara nyingi ndani ya sekunde chache anaondoka.

#35 Mbayuwayu_Mmoja
Asante sana. Kitufe cha nyuma mnakitumia? Nimesikia ndiyo siri.

#36 Shata_Moja
Ndiyo. Fokasi inahamia kidole gumba, shata inabaki kupiga tu. Ndege ametulia, unashika fokasi, unaachia gumba, majani yakipita mbele kamera haiendi kuyafuata. Akiruka unabonyeza tena, inafuata. Hali moja ya fokasi endelevu inafanya kazi zote mbili.

#37 Bi_Matete
Nami nitasema kinyume. Kwa kamera zenye utambuzi mzuri sioni faida yake tena, na kwa mtu aliyetulia juu ya kina cha sentimita 4 kuachia gumba ni hatari: ndege akiinama mbele, au wewe ukipumua, umeshatoka. Mimi naiacha ifuate muda wote. Wapo wapigaji wazuri wa kila upande, kwa hiyo mbayuwayu ajaribu vyote.

#38 Ukingoni
Nimerudi na majaribio. Nilipanga kamera kwenye tripodi, nguzo chini kabisa, kitulizaji kimezimwa, mita 8, nikalenga ukurasa wenye maandishi uliosimama kwa pembe na rula pembeni yake. Nikapiga mara 10 kupitia kitazamio, nikivuruga fokasi kila baada ya fremu. Halafu mara 10 kwa skrini, ambapo sensa yenyewe ndiyo inalenga, na kipima muda cha sekunde 2.

Za skrini: 9 kati ya 10 zimekata kwenye mstari. Za kitazamio: zote 10 zimeanguka nyuma, kati ya sentimita 2 na 3.

Skrubu, ule mguu nao unacheza. Kidogo.

#39 Fundi_Vioo
Zote 10, upande mmoja. Kesi imekwisha. Ingia kwenye marekebisho, sogeza upande wa hasi hatua mbili mbili na urudie jaribio. Kumbuka hiyo ni zumu: thamani inayofaa 600 inaweza isifae 150, na inayofaa mita 8 inaweza isifae mita 40. Chagua unakopiga zaidi.

#40 MiguuMitatu
Kesi haijakwisha. Mguu wa lenzi unacheza, amekiri mwenyewe. Vile vistari nilivyosema ndivyo hivyo.

#41 Ukingoni
Jana alfajiri. Nimerekebisha fokasi hasi 6, nimekaza mguu, nguzo chini, kitulizaji nimezima, lenzi imekaa nje dakika 40 bila hudi, shata 1/1000. Fremu 160, kali 97. Katika mojawapo naona taswira ya matete ndani ya jicho lake. Nimekaa nikaitazama muda mrefu. Asanteni wote, kwa moyo wangu wote.

#42 Bi_Matete
Hongera sana! Ila umebadilisha vitu sita kwa mpigo, sasa hatutajua kipi kilichofanya kazi.

#43 Fundi_Vioo
Hasi 6.

#44 MiguuMitatu
Mguu na nguzo.

#45 Mvuke
Dakika 40.

#46 Kasi_Tu
Na 1/1000 hamuioni?

#47 Ukingoni
Jumamosi nitarudisha kimoja kimoja, nitaleta hesabu. Picha mbili za mwisho alirudi na samaki. Alimpigiza kwenye kijiti mara kadhaa, akakaa naye mdomoni muda, hakummeza, akaondoka naye.

#48 Nyasi_Ndefu
Ngoja. Samaki kichwa chake kilielekea wapi? Kuelekea koo la ndege, au kuelekea nje?

#49 Ukingoni
Nimefungua picha. Nje. Mkia ndio uko upande wa koo.

#50 Nyasi_Ndefu
Mdiria anayekula mwenyewe humeza samaki kwa kuanza na kichwa, kwa hiyo humgeuza kichwa kiingie ndani. Akimshika kichwa nje, anampelekea mwingine. Inaweza kuwa mwenzake, inaweza kuwa makinda. Wanachimba tundu kwenye kingo za udongo. Kuna ukingo hapo ulipo?

#51 Ukingoni
Upo. Nimeuegemea.

#52 Bi_Matete
Ondoka hapo, ndugu yangu, hata kabla ya Jumamosi. Ukiwepo anachelewa kuingia, na kila dakika anayozunguka na samaki mdomoni kuna wanaosubiri.

#53 Ukingoni
Nimeelewa. Sitarudi pale. Nimepima kwa ramani, upande wa pili wa maji kuna mti mmoja ulioinama, ni mita 30 hivi kutoka kwenye kijiti. Ndege atakuwa mdogo sana kwenye fremu. Nina telekonveta ya 1.4 (kipande cha kurefusha lenzi) niliyowahi kununua sijaitumia, itanipeleka 840 na f/9. Kitazamio cha DSLR yangu kinalenga mpaka f/8 tu.

#54 Mvuke
Na mita 30 za maji katikati. Fika kabla ya jua.

#55 Fundi_Vioo
Tumia skrini, achana na kitazamio. Na hasi 6 ifute, uanze upya kwa umbali huo.

#56 MiguuMitatu
Miguu miwili upande wa mteremko, mmoja upande wa juu. Nguzo usiiguse.